Pombe, Sheria na Afya ya Watu

Hapa Kolwezi hakuna haja ya kueleza lutuku ni kitu gani. Ni pombe kali ya mahindi na mihogo. Huchemshwa katika pipa, mvuke wake hupitishwa katika mrija unaopozwa kwa maji, na matone yake hukusanywa katika chupa. Sheria imeikataza tangu zamani, lakini watu waendelea kuipika, kuiuza na kuinywa. Basi mara kwa mara twasikia maneno mawili yakibishana. Wengine wasema: «Kukataza kumeshindwa. Afadhali serikali iifungue, watu wanywe mchana mbele ya macho ya wote.» Wengine wajibu: «La, ikifunguliwa vijana wetu watakwisha. Sheria ikazwe zaidi.»

Sisi twaona kwamba yafaa tuiulize historia kwanza, kabla ya kushika upande. Maana nchi nyingi zimekwisha kukataza pombe, na nyingi zimekwisha kuondoa marufuku yao. Na nchi yetu ni mojawapo.

Marufuku ya zamani katika Kongo

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya akieleza ukatili wa biashara ya watumwa katika nchi za maziwa makuu. Maneno yake yalisaidia kuziamsha serikali, nazo zikafanya mkutano Brussels tangu Novemba 1889. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Wengi wajua kwamba mapatano hayo yalihusu watumwa na bunduki. Wachache wajua kwamba sura nzima ilihusu pombe kali, yaani jin, rumu na nyingine za namna hiyo, ambazo wafanyabiashara walizileta pwani kwa mapipa kubadilishana na mali za Afrika. Katika eneo kubwa la Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hata nyuzi 22 kusini, serikali zilikubaliana hivi: mahali ambapo pombe kali ilikuwa haijafika, isiingie, na mahali ilipokwisha kufika, itozwe ushuru. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye katika Ufaransa, mapatano mengine yakayakaza yale ya kwanza.

Kwa hiyo Katanga yetu iliingia katika marufuku tangu mwanzo wa utawala wa kikoloni, kabla hata ya reli kufika Elisabethville mwaka 1910. Mji wa Kolwezi ulipoanza kujengwa mwaka 1937, sheria hiyo ilikuwa ya kale tayari.

Lakini hatuna budi kusema wazi sheria ile ilikuwa ya namna gani. Mzungu aliweza kunywa whisky barazani kwake bila kuulizwa na mtu. Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa. Tena hatuwezi kusema kwamba wakubwa walilinda ini la mfanyakazi kwa sababu ya kumpenda tu. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta watu kutoka Kasai, Lomami, Ruanda na Urundi, ikawaweka kambini, ikawapa posho. Ilitaka watu hao waamke alfajiri, wateremke shimoni wakiwa na nguvu, warudi jioni bila ugomvi. Afya na nidhamu vilikwenda pamoja, na mara nyingi nidhamu ndiyo iliyotangulia.

Na je, watu hawakunywa? Walikunywa. Kuna munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, ambacho siku ya kwanza ni kitamu na laini, hata mtoto hupewa, na kikikaa siku kadhaa huchachuka na kupata nguvu. Kuna bia ya kiwandani, ambayo haikuhesabiwa kuwa pombe kali: katika miaka ya 1920 viwanda vya bia vilianza kazi Léopoldville na Elisabethville. Tena palikuwa na pipa lililofichwa nyuma ya nyumba. Akina mama waliokuwa na watoto wa kulisha, tena bila kazi ya mshahara, walijifunza upesi kwamba kitu kilichokatazwa huuzwa kwa bei nzuri.

Jinsi marufuku ilivyoondoka kwetu

Katika miaka ya 1950 sheria hii ilianza kulegezwa. Ulikuwa wakati ambao Waafrika waliosoma walidai kuhesabiwa kuwa watu kamili. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imetoa kadi ya raia mwema mwaka 1948, na mwaka 1952 ikatoa sheria ya kuwaandikisha wale walioitwa «évolués» ili wapate baadhi ya haki za Wazungu. Haki ya kununua chupa ya mvinyo dukani iliingia katika mabishano hayo hayo. Mtu aliyedai mvinyo mara nyingi hakuwa na kiu ya mvinyo. Alitaka kusimama mbele ya kaunta na kuuziwa kama mwingine. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Mwafrika hakukatazwa tena chupa kwa sababu ya ngozi yake.

Jambo hilo lilikuwa la haki, wala hatutamani sheria ya ubaguzi irudi. Lakini tuangalie lililobaki. Mabishano ya wakati ule yalihusu heshima na haki kuliko ini na macho ya watu. Chupa ya dukani, yenye jina la kiwanda na kipimo cha nguvu, ikafunguliwa kwa kila mwenye fedha. Pombe ya pipa ikabaki nje ya sheria, nayo ndiyo ya maskini. Kwa hiyo ubaguzi wa rangi uliondoka, ukabaki ubaguzi wa mfuko. Mwenye mshahara akanywa kitu kilichopimwa. Asiye na mshahara akanywa kitu kisichopimwa na mtu. Wasomaji walishike neno hili, maana tutalikuta tena mahali pengine.

Mambo ya Marekani

Ili tujue marufuku na mwisho wake vinaufanyia nini mwili wa mtu, tutazame kwanza nchi iliyoandika vifo vyake kwa muda mrefu. Marekani ilikataza pombe zote nchini tangu Januari 1920. Marufuku ikaondolewa tarehe 5 Desemba 1933.

Watu wengi husema kwamba marufuku ile haikufaa kitu. Si kweli kabisa. Ugonjwa wa ini kukauka, ambao mara nyingi ni tunda la ulevi wa miaka mingi, ulipungua sana. Mwaka 1911, katika kila wanaume 100,000 walikufa kwa ugonjwa huo 29 au 30. Mwaka 1929 walikufa 11 hivi. Upungufu huo ulianza hata kabla ya 1920, maana majimbo mengi yalikwisha kukataza pombe na vita vilikuwa vimepunguza nafaka ya kutengenezea.

Lakini upande wa pili ulikuwa na sumu. Watu waliiba spiriti ya viwandani, ambayo kwa amri ya serikali ilikuwa imetiwa sumu ili isinyweke, wakaiuza kama kinywaji. Mwaka 1930 dawa moja ya tangawizi, iliyonywewa na maskini kwa sababu ya pombe iliyokuwamo, ilichanganywa na kemikali mbaya, ikawapoozesha miguu makumi ya maelfu ya watu.

Marufuku ilipoondoka, hatari ya chupa zenye sumu ilipungua, kwa kuwa viwanda vilirudi chini ya macho ya wakaguzi. Nacho kiasi cha unywaji hakikuruka siku moja. Kilipanda polepole, na ilichukua miaka kama 40 kufika tena pale kilipokuwa kabla ya marufuku. Ugonjwa wa ini nao ukapanda polepole nyuma yake. Ndiyo kusema: mwisho wa marufuku hupunguza vifo vya ghafula, kama ukaguzi upo, lakini huongeza vifo vya polepole, kama hakuna kitu kingine cha kuwazuia watu.

Kenya: miaka 30 ya kukataza

Sasa tuje karibu. Huko Kenya ndugu wa lutuku huitwa chang'aa, nayo hupikwa karibu kwa namna ile ile. Mwaka 1980, wakati wa Rais Daniel arap Moi, ilitungwa Sheria ya Kukataza Chang'aa. Kuipika, kuiuza, hata kuwa nayo, yote yakawa kosa. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30.

Chang'aa haikwisha. Ilihamia gizani, na gizani tabia yake ikaharibika. Mpishi anayeogopa polisi hapiki polepole wala hachagui vyombo. Tena anayenunua hana mahali pa kwenda kushtaki. Wauzaji wabaya waliona njia ya mkato: badala ya kungoja mahindi yachachuke, walitia methanoli.

Yafaa tueleze methanoli ni nini, maana jambo hili limeua wengi. Ni spiriti inayotumika viwandani, katika rangi na viyeyusho. Kwa macho hufanana na pombe, na kwa harufu hufanana nayo kidogo. Kupika nafaka peke yake huleta methanoli kidogo tu. Vifo vingi hutokea pale mtu anapoitia kwa makusudi au kwa kutojua. Ikiisha kunywewa, ini huigeuza kuwa asidi kali inayoharibu mshipa wa macho na kuchafua damu. Ubaya wake ni huu: haionyeshi dalili upesi. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na kesho yake ndipo huamka haoni.

Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Mukuru, Nairobi, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa iliuzwa kwa shilingi kumi. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005, upande wa Machakos, makumi wengine wakafa kwa namna ile ile. Mambo hayo yote yalitokea sheria ikiwa imekataza.

Kenya: sheria ilipofunguliwa

Mwaka 2010 mbunge wa Naivasha, John Mututho, alileta sheria mpya bungeni. Rais Mwai Kibaki akaitia sahihi mwezi wa Agosti, nayo ikaanza kutumika Novemba. Wananchi waliiita «sheria ya Mututho». Ilifuta marufuku ya chang'aa. Mtu aliweza kuitengeneza kama atapata leseni na kufuata kanuni. Pombe kali isiuzwe katika chupa ndogo kuliko mililita 250, na chupa iwe na maneno ya kuonya juu ya afya. Vipakiti vya plastiki vikakatazwa. Mabaa yafunguliwe saa 11 jioni siku za kazi, na saa 8 mchana siku za mwisho wa juma, yote yafungwe saa 5 usiku. Mtu chini ya miaka 18 asiuziwe.

Ukiisoma, waona kwamba ilikuwa sheria yenye busara. Haikusema «kunyweni mpendavyo». Ilisema: pombe itoke gizani, ipimwe, na saa zake zijulikane. Je, vifo vilikoma?

Havikukoma. Mwezi wa Mei 2014, katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a, watu karibu 100 walikufa kwa methanoli katika siku chache. Mututho mwenyewe wakati ule alikuwa mwenyekiti wa NACADA, chombo cha serikali cha kupigana na ulevi na dawa za kulevya. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe za bei ya chini zimwagwe na viwanda vyake vifungwe. Hata Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa. Serikali ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imekamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ikatoka na kuuzwa tena.

Kwa nini basi? Twaona sababu mbili.

Ya kwanza ni hii: sheria ilifungua mlango ambao maskini hawakuweza kuupita. Mama wa Mathare aliyepika chang'aa katika pipa moja atapata wapi fedha za leseni, za chupa, za karatasi ya jina, za kupimiwa kila mara? Alibaki gizani kama jana. Walioingia kwa mlango mpya ni wenye mitaji, waliochanganya spiriti ya kiwandani na maji na rangi, wakaiuza kwa bei ya chini. Baadhi walifuata kanuni, baadhi walizikwepa.

Ya pili ni bei. Tangu 2004 kiwanda kikubwa cha bia cha Kenya kilikuwa kikiuza bia ya pipa, iitwayo Senator, ambayo serikali iliisamehe ushuru ili maskini waiache chang'aa na kunywa kitu safi. Watu waliifuata kweli. Oktoba 2013 serikali ilirudisha nusu ya ushuru. Bei ikapanda, na mauzo ya bia hiyo yakaanguka kwa zaidi ya nusu. Miezi saba baadaye ndipo vifo vya Mei 2014 vilipotokea. Hatusemi kwamba ushuru peke yake uliwaua watu wale. Lakini mtu aliyezoea kikombe cha bei ndogo, kikiondolewa hatazami mbinguni. Hutafuta kikombe kingine cha bei ile ile, hata kama hajui kimetoka wapi.

Basi sumu iliua wakati wa marufuku, ikaua na baada ya marufuku. Ndilo lile neno tulilolikuta Katanga: katika nyakati zote mbili, kikombe cha maskini hakikukaguliwa na mtu.

Uganda nayo ilijaribu njia yake. Kwa sheria ya mwaka 1965 mpishi wa enguli alitakiwa kuwa na leseni na kuipeleka pombe yake kiwandani isafishwe, iuzwe kama waragi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini wapishi wengi vijijini waliendelea bila leseni, na mwaka 2010 upande wa Kabale makumi ya watu walikufa kwa methanoli.

Mambo yanayotuhusu sisi

Kutoka katika historia hii twapata mafundisho matatu kwa nchi yetu ya Lualaba.

La kwanza: swali la «tukataze au tufungue» si swali la kutosha. Kila atakayesema ifunguliwe, aulizwe: nani atapima? Kwa vyombo gani? Mpishi mdogo atasaidiwaje afike kwa mpimaji? Na kila atakayesema ikazwe, aulizwe: mama anayelipa karo kwa fedha ya lutuku atakula nini kesho? Twajua sote kwamba wako watoto waliosomeshwa na pipa lile. Kumwaga pombe yake bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumfundisha kujificha vizuri zaidi. Tena katika mji wa migodi mapipa ni mengi, na si yote yaliyobeba maji. Pipa lililobeba mafuta au dawa za kiwandani halifai kabisa kupikia kitu kinachoingia kinywani.

La pili: tusiogope vifo vya ghafula tu. Pombe safi nayo huua. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya pombe, na wengi wao hawakunywa sumu. Walikufa kwa ini, moyo, kansa, ajali na magomvi. Mnywaji mkubwa hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na kwetu watu wengi huvuta vumbi la mashimo kila siku. Mchimbaji anayeteremka akiwa amelewa hujihatarisha mwenyewe, na pia yule aliye chini yake. Mama mwenye mimba anayekunywa humnywesha mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana saa za kufungua, umri wa mnunuzi, na kuvikataza vipakiti vidogo ambavyo mwanafunzi aweza kuvificha mfukoni, ni mambo yenye faida hata pale pombe inapokuwa halali. Tanzania ilikataza viroba tangu Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

La tatu: mgonjwa asifichwe. Mtu aliyekunywa jana, leo akaumwa kichwa na tumbo, akatapika, akapumua haraka, akasema aona kama ukungu mweupe mbele ya macho, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe alale ulevi umtoke, wala asipewe pombe nyingine nyumbani eti imponye. Waganga wanazo dawa za kuizuia sumu, na penye mashine waweza kuisafisha damu, lakini saa ni chache. Anayempeleka aseme kweli: alikunywa nini, wapi, saa ngapi, na nani wengine walikunywa naye. Kuficha kwa ajili ya aibu au kwa hofu ya polisi kumewaua wengi ambao wangepona, na pamoja nao wenzao waliokunywa chupa ile ile.

Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kinywaji chenyewe ni dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana. Lakini kumuuzia jirani kitu ambacho wewe mwenyewe usingekionja ni dhambi mbele ya Mungu, hata kama sheria imekifungua. Na kuuacha mtaa mzima unywe kitu kisichojulikana, kwa kuwa wanywaji ni maskini, nako ni kosa la wale wote wenye uwezo wa kukipima wasikipime.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Siku itakapoletwa sheria mpya juu ya lutuku, ama ya kukaza ama ya kufungua, tusiishie kuuliza kama ni kali au ni laini. Tuulize itafanya nini kwa kikombe cha yule mwenye fedha kidogo kuliko wote. Tukipata jibu juu ya kikombe hicho, tutajua kama sheria itawaponya watu au itawahamisha tu kutoka shimo moja kwenda jingine.